Mwanangu, Usiagie Hewani

Mwanangu mpendwa,

Assalaamu alaykum. Sisi huku Kibokoni, Mombasa, twashukuru. Babako mguu umepungua kuvimba, ila hataki kuacha chumvi.

Tangu unipigie Alhamisi usingizi wangu ni wa vipande vipande. Kuacha kazi nilikutarajia, na siasa pia, maana mtu hawezi kuwauliza wabunge maswali miaka 11 asitamani siku moja kukaa upande wa pili wa meza. Lililonisumbua ni lile neno ulilolisema mwisho, ukicheka, kwamba siku ya kuondoka utaagia hewani, umwambie mwajiri na wakubwa wake yote uliyoyaweka kifuani, kisha uvue maikrofoni utoke. Usifanye hivyo, mamangu. Nitalirudia hili katika barua hii mpaka ulichoke.

Kuacha kazi kuna njia yake. Soma mkataba wako kwanza uone notisi ni ya muda gani. Kama hausemi kitu na unalipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya Kenya yataka siku 28. Barua iwe ya aya mbili: naacha kazi, siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Dai malipo ya likizo ambazo hukuzichukua, na usitoke bila hati ya utumishi, hiyo ni haki ya kila aliyefanya kazi zaidi ya wiki 4. Madaftari yenye majina ya waliokuamini kwa habari usiyaache kwenye droo ya ofisi. Kituo chenu cha utangazaji ni cha mtu binafsi, kwa hivyo ile sheria ya watumishi wa umma kujiuzulu miezi 6 kabla ya uchaguzi haikubani kama inavyombana mwalimu. Hata hivyo usisome habari jioni huku mchana unaomba kura. Toka kwanza, ndipo utangaze.

Ulinitumia picha ya yule Mmarekani, Clare Boothe Luce, ukaandika chini yake "njia ipo". Ipo. Alikuwa mhariri wa jarida la Vanity Fair, akaripoti vita vya Ulaya, akaingia Bunge la Marekani mwaka 1943 kutoka Connecticut, na 1953 akatumwa Italia kuwa balozi. Kalamu, bunge, ubalozi. Lakini msome mpaka mwisho, maana nimemsoma kwa sababu yako na kila nilipofungua ukurasa nilikuona wewe.

Hotuba yake ya kwanza bungeni ilikuwa juu ya usafiri wa ndege baada ya vita, jambo zito lililohitaji kufikiriwa. Ndani yake akatia neno alilolibuni mwenyewe, globaloney, yaani upuuzi wa dunia nzima, kumkejeli Makamu wa Rais Henry Wallace. Magazeti yakalidaka neno, na hoja ya ndege ikasahaulika. Alipofika Italia hakukaa hata miezi miwili, akahutubia Milan siku chache kabla ya uchaguzi, akawaonya Waitaliano kwamba wakiangukia udikteta wa kulia au wa kushoto, ushirikiano na Marekani utaumia. Wapinzani wakapiga kelele kuwa balozi anawachagulia viongozi, na De Gasperi, waziri mkuu wa Italia aliyetaka kumsaidia, akatoka kwenye kura zile akiwa dhaifu kuliko alivyoingia. Lakini mwanamke huyo huyo alisaidia kumaliza ugomvi wa Trieste, mji ulioshindaniwa na Italia na Yugoslavia, kwa makubaliano yaliyotiwa saini London Oktoba 1954. Mazungumzo hayo yalikwenda kimyakimya miezi mingi, na ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Sasa fika 1959. Akateuliwa balozi wa Marekani nchini Brazil. Seneta mmoja, Wayne Morse, alimpinga vikali, lakini Seneti ikampitisha kwa kura 79 dhidi ya 11. Ushindi huo! Badala ya kufunga mizigo, akasema matatizo yake yalianza siku Morse alipopigwa teke la kichwa na farasi. Siku 3 baada ya kura zile akajiuzulu, hata Rio, mji mkuu wa Brazil wakati ule, hakuikanyaga. Sentensi moja, mwanangu, baada ya kushinda. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, na guu lako wewe sijawahi kuliogopea.

Najua utaniambia wewe si mkali hivyo. Ile klipu ya yule mheshimiwa uliyemnyamazisha hewani, akababaika kutafuta miwani, ilizunguka Pwani nzima. Nilifurahi nayo. Niliituma kwa shangazi zako wote, na kwa watu ambao si shangazi zako. Huenda sikupaswa kuituma. Na ulipokuwa mdogo ukimjibu bibi yako vile, mtu mzima mmoja wa nyumba hii alikuwa akigeuka ukutani kucheka, nawe ulimwona.

Tuje kwenye huyo bwana wa chama aliyekuahidi useneta wa kuteuliwa, kisha ubalozi. Viti vya Seneti vya wanawake wa kuteuliwa ni 16 nchi nzima, navyo hugawiwa vyama kulingana na viti vya Seneti ambavyo kila kimoja kimeshinda. Majina huchukuliwa kwa mpangilio wa orodha. Kwa hivyo swali la kumuuliza ni moja: mimi ni namba ngapi? Namba 2 kwenye chama kikubwa ni kiti. Namba 9 ni shukrani. Orodha hupelekwa kwa Tume ya uchaguzi angalau siku 45 kabla ya kura, na katika siku za mwisho namba huhama usiku. Taka kuiona kwa macho yako, na uulize nani anaiwasilisha. Naisula Lesuuda, mtangazaji mwenzenu, alianza na uteuzi mwaka 2013, lakini hakuuganda. Mwaka 2017 akaenda kuomba kura mwenyewe Samburu Magharibi, akashinda, na 2022 wakamrudisha. Uteuzi alioutumia kama ngazi namheshimu nao.

Mimi ningependa usimame ubunge hapa Mvita. Nyali hapo ng'ambo ya daraja, Mohamed Ali alitoka kwenye upekuzi wa televisheni akasimama mgombea huru 2017, akapita. Watu waliijua sauti yake kama wanavyoijua yako. Ukitaka njia hiyo, hakikisha leo hii hujaandikishwa kwenye chama chochote, maana wapo Wakenya waliokuta majina yao kwenye vyama wasivyovijua. Kama umo, mwandikie Msajili wa Vyama ujiondoe, kwani mgombea huru lazima awe nje ya chama angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Utahitaji wapiga kura 1,000 wa Mvita wa kukuunga mkono. Kusanya 1,500. Wako watakaotia saini nao wameandikishwa Kisauni, wako watakaokosea tarakimu ya kitambulisho, na wako waliokwisha kumtilia saini mwingine. Kila jioni kaa na fomu za siku hiyo uzikague mwenyewe, usingoje ziwe rundo. Ada ya Tume mwaka 2022 ilikuwa shilingi 20,000, mwanamke alilipa nusu. Gharama yenyewe ni mawakala wa kulinda kura zako vituoni.

Hapa nisikilize, maana kituo cha kura nakijua. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na kila kimoja chataka wakala wako, na wa kumpokea, na chakula chao kiwafikie mle mle ndani. Wakala anayetoka saa 12 jioni kutafuta maji ndiye anayekosa kuhesabu. Kazi yake kubwa ni Fomu 35A, ile ya matokeo ya kituo. Aone jumla ya kura halali, zilizokataliwa na za kila mgombea zinalingana na waliopiga, ndipo atie saini, apewe nakala yake, na aipige picha ile inayobandikwa mlangoni. Akikataa kutia saini kwa hasira matokeo hayafutiki, ila wewe ndiye utakayekuwa huna karatasi mahakamani. Kesi ya kupinga matokeo hufunguliwa ndani ya siku 28 baada ya kutangazwa, na dhamana ya gharama ni shilingi 500,000. Na ukiona 35A zako zinapendeza, usitangaze! Mwandishi wa habari huwashwa na namba asiyoisema. Ngoja 35B, ile ya jumla ya eneo bunge zima, na msimamizi wa eneo bunge aitamke.

Na jukwaani, Tononoka au kokote, kumbuka kinga ya maneno ya mbunge iko ndani ya Bunge. Nje unashtakiwa kama mimi.

Ubalozi, ukija, utaanzia kwa Rais kukuteua na kwenda kwa kamati ya Bunge la Taifa. Utadaiwa vyeti vya EACC ya kupambana na ufisadi, DCI ya upelelezi, KRA ya ushuru, HELB ya mikopo ya chuo na CRB ya rekodi za madeni, kwa hivyo malizia lile deni la mkopo wa chuo mapema. Wananchi nao hualikwa kuleta pingamizi kwa kiapo, na hapo ndipo kila klipu yako itakapotolewa sandukuni. Ukipita, bado nchi unayokwenda lazima ikukubali. Mkataba wa Vienna wa 1961 unaipa haki ya kukukataa bila kusema sababu, na hata ukishafika inaweza kukufukuza bila kusema sababu. Ulimcheka rais wao 2019 kwenye kipindi cha asubuhi? Hutapata barua ya kukataliwa. Utapata kimya, mwezi, miwili, kisha jina jingine litapelekwa. Ndiyo maana nakuambia, hiyo hotuba ya kuaga usiifanye. Dakika 4 hizo zitakaa kwenye intaneti zikikungoja mlango wa kila ofisi.

Kile ulicho nacho kizuri ni kuuliza nani alisema, lini, na kama aliona mwenyewe au alisimuliwa. Ripoti ya balozi kwenda nyumbani hutaka hayo hayo, ila msomaji ni mmoja na haichapishwi. Hilo utaliweza kuliko wengi, na najivunia kulisema.

Yule Luce aliugua sana Roma, nywele zikimtoka, ikaelezwa kuwa ni vumbi la rangi yenye aseniki lililokuwa likidondoka kutoka dari ya chumba chake cha kulala. Niliposoma hapo nikainuka nikaenda kuiangalia dari ya chumba chako. Rangi imeinuka magamba juu ya kitanda, upande wa dirisha, kwa unyevu wa masika. Fundi amesema ikwanguliwe yote mpaka chokaa, ikauke siku 10, ndipo ipakwe. Maji ya mfereji hayajatoka tangu Jumanne, twanunua mitungi. Mamake jirani amekuwekea achari ya maembe, nitampa kaka yako akija na treni.

Barua ya kuacha kazi niandikie kwanza niione, hata usiku, nipigie unisomee. Halafu uniambie huyo bwana amekupa namba ngapi. Na ukija kabla fundi hajamaliza, utalala chumba changu, kile chako nimekifunga.

Mamako