Jezi namba moja iko kwangu: barua ya wazi kwa vijana wa timu ya Jumapili

Kansas City, Missouri

Wajukuu zangu,

Salamu nyingi. Natumai hamjambo nyote, pamoja na wale watano walioondoka. Mimi mwili haujambo, ila tangu Jumapili iliyopita moyo umenikaa vibaya. Naandika hadharani kwa sababu mlichokifanya mlikifanya hadharani.

Nilikuwa nimeketi palepale pa siku zote, kwenye kiti changu cha kukunja kando ya gari, na chupa yangu ya chai. Golikipa wetu alifika dakika 20 baada ya wenzake kuanza kupasha misuli. Kocha akamwambia ataanzia benchi, na golini akamweka yule baba wa watoto wanne, mwenye miaka 46 na goti la bendeji. Kosa la kocha ni hilo tu. Golikipa akavua jezi, akaitupa kwenye nyasi, akaikanyaga akipita (kwa makusudi au la, sitaki kujua), akaenda zake. Wanne wakamfuata. Mmoja akageuka akampigia kelele yule baba: "Mzee, nenda kalee wajukuu!" Mwingine alikuwa anarekodi kwa simu huku anacheka. Tukacheza watu saba, tukafungwa sita. Baba wa watu aliruka huku na huku mpaka bendeji ikafunguka, ikawa inamburuzika mguuni kama kamba ya mbuzi aliyekatika.

Jezi niliiokota mimi.

Sasa niwaambie habari za mtu aliyezikwa hapahapa mjini mwetu, makaburi ya Forest Hill. Nina hakika mmepita pale na magari yenu mara mia, muziki juu. Aliitwa Leroy Robert Paige, mrushaji wa besiboli. Dunia inamjua kwa jina la Satchel, yaani Begi, kwa sababu utotoni kwao Mobile, Alabama, alikuwa mchukuzi wa stesheni. Alifunga mabegi ya abiria kwenye mti kwa kamba ili abebe mengi kwa safari moja, na wenzake wakamcheka kuwa anafanana na mti uliozaa mabegi. Wako wanaosema jina lilitoka siku alipojaribu kukimbia na begi la mtu. Yote mawili yanawezekana, maana mwaka 1918, akiwa na miaka 12, alipelekwa shule ya watoto watukutu ya Mount Meigs kwa wizi wa vitu vidogo dukani, akakaa huko miaka zaidi ya mitano. Na huko ndiko alikofundishwa kurusha mpira.

Mimi mtoto wa Tanga, niliyekulia kandanda la mchangani, besiboli, mchezo ambao mmoja anarusha mpira na mwingine anaupiga kwa gongo, nilifundishwa ghalani. Nilipofika mji huu nilipata kazi ya usiku ya kupakia makasha, na mwenzangu wa zamu alikuwa Mmarekani Mweusi aliyenizidi umri. Saa nane usiku tukifungua mikate yetu, huyo hakuwa na hadithi nyingine. Tarehe 25 Septemba 1965 baba yake alimpeleka uwanjani, yeye mtoto mdogo, kumwona Paige akirusha kwa ajili ya Kansas City Athletics. Paige alikuwa na miaka 59. Mwenye timu alikuwa amemwekea kiti cha kubembea pembeni mwa uwanja na muuguzi kando yake, watu wacheke. Wakacheka. Kisha mzee akainuka kitini, akawarushia vijana wa Boston awamu tatu, na katika wote hao ni mmoja tu, Carl Yastrzemski, aliyeupiga mpira wake vizuri akafika besi, yaani kituo cha kukimbilia. Hakuna aliyepata pointi. Alipotoka, taa za uwanja zilizimwa na watu wakawasha viberiti na kumwimbia gizani. Mwenzangu akifika hapo alikuwa anaacha kutafuna.

Kwa hiyo mnaponiambia mtu wa miaka 46 akalee wajukuu, mniwie radhi, nasikia vingine.

Lakini siandiki kwa ajili ya umri tu. Naandika kwa ajili ya benchi.

Huyu Paige katika miaka ya thelathini alikuwa ndiye mrushaji anayelipwa na kugombaniwa kuliko wote katika ligi za Weusi. Kumbukeni kwamba ligi kubwa za Wazungu zilikuwa zimefungwa kwake, si kwa sheria iliyoandikwa bali kwa makubaliano ya mabwana wenye timu, na hayo ndiyo mabaya zaidi kwa kuwa huna karatasi ya kuipeleka mahakamani. Basi mwaka 1938 akaenda kucheza Mexico, na huko mkono ukafa. Hakuweza kuuinua bila maumivu. Akaambiwa hatarusha tena. Mtu wa miaka 32, asiye na kazi nyingine duniani. Wale waliokuwa wakimgombania wakamsahau kama msibani siku ya tatu.

Aliyemkumbuka ni J. L. Wilkinson, mwenye Kansas City Monarchs, timu ya ligi za Weusi. Naye hakumpa timu kubwa. Alimpa timu ya pili. Nasema tena, wanangu: timu ya PILI, ile iliyozungushwa kwenye basi miji midogo midogo, watu walipe kiingilio kuliona jina. Mara arushe mipira ya taratibu inayofika kwa mpigaji imeshachoka, mara asimame besi ya kwanza kama sanamu. Mtu aliyezoea kuwaambia walinzi wake wa nyuma waketi chini kwa kuwa mpira hautawafikia! Hebu jiwekeni hapo. Jina lako liko kwenye bango na mkono wako umekufa, na watoto wa kijijini wanakupiga mpira.

Hakutupa jezi. Alipanda basi kila siku. Na siku moja, katika mwaka 1939, alirusha na hakusikia maumivu.

Na kwa vile kasi ilikuwa imemkimbia kwa muda, alirudi na ujanja ambao kasi ilikuwa haijamruhusu kujifunza. Akawa na mipira ya kila namna, kila mmoja na jina lake. Mmoja ulikuwa wa kusita: mkono unakuja, unasimama kidogo hewani, mpigaji anapiga upepo, ndipo mpira unaachiwa. Baadaye rais wa American League, mojawapo ya zile ligi kubwa, aliupiga marufuku. Fikirini, mtu anakuja na ujanja mpaka sheria inabidi ijibadilishe.

Hapa ndipo ninapopapenda, mnivumilie. Mrushaji husimama kama mita 18 kutoka kwa mpigaji, na kibao anachotakiwa kupitishia mpira kina upana wa sentimita 43. Wengine walijifunza kulenga kibao. Paige akipasha mkono aliweka chini karatasi ya bazoka. Ile ile mnayoitafuna na kuitupa kwenye viti vya gari langu. Anaipitishia mpira juu yake, tena na tena, na watu wanafika mapema uwanjani kutazama hilo tu. Nyinyi nawaona mkifika mazoezini. Mpira wa kwanza, shuti la juu kabisa la kubomoa wavu, simu imeegeshwa kwenye chupa ya maji inarekodi. Shuti linaruka uzio, linaingia barabarani, mdogo wenu anatumwa kuufuata. Katika miaka mitatu sijamwona hata mmoja wenu akipiga pasi ya mita kumi mara hamsini kwenye shabaha ileile. Hata mara ishirini. Pasi haipendezi kwenye video, najua. Karatasi ya bazoka nayo haipendezi.

Nilipoyasema haya kwenye kundi letu la WhatsApp, mmoja wenu aliingia mtandaoni kunipeleleza, akanijibu: "Babu, huyo Paige wako mwenyewe alikuwa anahama timu kama kuku wa kienyeji." Nilicheka peke yangu jikoni. Kijana amesoma. Ni kweli, mwaka 1937 Paige aliiacha Pittsburgh Crawfords akafuata fedha Jamhuri ya Dominika, kuichezea timu ya mji mkuu ulioitwa kwa jina la dikteta Trujillo, na akawavuta wenzake kadhaa waende naye. Mikataba aliichukulia kama barua za mapenzi. Kuchelewa alichelewa sana, na magari aliyaendesha kama yanaibiwa. Ninaweza kusema kwamba mtu aliyefungiwa mlango mkuu ana haki ya kuingia kwa dirisha lolote lililo wazi. Lakini Crawfords walikuwa Weusi wenzake, na hao ndio aliowaachia pengo. Sina jibu zuri hapo, mjukuu wangu. Umenishika.

Ila hata yeye, sijapata kusikia aliondoka wenzake wakiwa tayari wamejipanga uwanjani.

Mengine nitayataja tu, mnayajua. Lipeni ada ya uwanja kabla ya mwisho wa mwezi. Rudisheni koni kwenye begi. Waamkieni wazee wa timu pinzani. Msiendeshe gari huku mnaandika ujumbe. Anayeumia apelekwe hospitali, asifanyiwe mzaha wa kumwagiwa maji. Mama zenu wanaofua jezi wasaidieni kuzianika.

Na nyinyi watu wazima wenzangu mnaosoma huku mnatikisa kichwa kwa kuridhika, msiridhike haraka. Nawajua. Kwenye mikutano yetu ya jumuiya hamkosi mtu wa kusimama na kuwaambia vijana "mvumilivu hula mbivu", kisha nafasi za kamati mnagawana mashemeji. Habari ya Paige nayo imetumiwa hivyohivyo: tazameni, alivumilia, tarehe 7 Julai 1948, siku aliyotimiza miaka 42, Cleveland, timu ya ligi kubwa, wakamsajili. Ni kweli walimsajili. Gazeti kubwa la besiboli likaandika kwamba kumchukua mrushaji wa umri ule ni kuishusha hadhi ligi, naye akashinda mechi sita, akapoteza moja. Usiku wa 20 Agosti watu 78,382 waliingia uwanjani Cleveland, akawanyima Chicago hata pointi moja. Timu ikachukua ubingwa mwaka huohuo. Hadithi nzuri sana.

Haya, nisimulieni na ya Josh Gibson. Mdakaji, mpigaji wa kutisha, mchezaji mwenza wa Paige kule Pittsburgh. Uvumilivu alikuwa nao. Alikufa Januari 1947 akiwa na miaka 35, na tarehe 15 Aprili mwaka huohuo Jackie Robinson, Mweusi, akaingia uwanjani kwa Brooklyn, timu ya ligi kubwa, na mlango ukafunguka. Miezi mitatu! Mwaka 2024 ndipo takwimu za ligi za Weusi zilipoingizwa katika daftari kuu, na wastani wake wa kupiga, .372 (yaani mapigo mazuri kama 37 katika kila majaribio 100), ukakaa juu ya watu wote. Miaka 77 mtu yuko kaburini. Mbivu hizo alizila nani?

Paige mwenyewe alilipwa kwa vijisenti vya heshima. Mwaka 1968 alikuwa bado hajatimiza siku za kupata pensheni ya ligi kubwa, kwa kuwa siku zake zilikuwa zimeliwa na ule mlango, mpaka Atlanta wakamwandikisha kama kocha ili azitimize. Mwaka 1971 walipoamua kumweka katika Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, wazo la kwanza lilikuwa awekwe sehemu ya peke yake, pamoja na Weusi wenzake. Watu wakapiga kelele ndipo akaingizwa kama wengine. Nyumba aliyoishi hapa, mtaa wa 28, iliungua mwaka 2018, ikabaki gofu. Nilipita pale na mjukuu wangu nikamwonyesha, akaniuliza kama ni nyumba ya wachawi.

Msidhani alikuwa mtu wa kuchekesha tu aliyesahau. Buck O'Neil, aliyecheza naye Monarchs, alikuwa akisimulia kwamba walipokuwa Charleston, Paige alimchukua wakaenda Drum Island, mahali walipouzwa watumwa. Walisimama kama dakika kumi bila neno. Kisha Paige akasema anahisi kama aliwahi kufika pale. O'Neil akamwambia, mimi pia. Mimi nimesimama Bagamoyo, bahari nyingine, biashara ileile, na najua dakika kumi zile zina urefu gani. Mtu anayebeba hayo ndani na bado anapanda basi la timu ya pili, sitaki atumiwe kumnyamazisha kijana yeyote. Kocha akiwaonea, semeni. Njooni kwangu, nitakwenda naye uso kwa uso, mnanijua. Safari hii hakuwaonea.

Jumapili nitafika mapema, saa nane mchana. Nitakuja na karatasi ya bazoka, nitaibana na kijiwe katikati ya nyasi, na yule baba wa watoto wanne ameniahidi atakuwepo, goti likimruhusu. Bendeji mpya nimeshanunua.

Jezi namba moja iko kwangu, imefuliwa, alama ya kiatu imetoka ila nyasi zimeacha rangi kidogo begani. Mwenyewe aifuate. Siku za kazi nipo nyumbani baada ya alasiri, na mlango wa jikoni haufungwi.

Ni mimi Babu yenu,
wa kiti cha kukunja