Miwani iulizwe kabla ya upasuaji wa pua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie madaktari wa upasuaji wa pua ombi la sisi tusioweza kuona vizuri bila miwani. Karatasi ya maelekezo niliyokabidhiwa siku ya kuruhusiwa ilinikataza kupenga kamasi, kuinama na kubeba vitu vizito, lakini kuhusu miwani haikuwa na neno hata moja.

Mfupa wa pua uliokatwa ili unyooshwe huhitaji wiki kadhaa kushikana, na fremu hukaa juu ya mfupa huohuo. Uzito wake ni mdogo, lakini hukandamiza mahali pamoja kutwa nzima, hivyo waweza kuusogeza mfupa ambao haujakaza au kuacha vishimo kwenye ngozi iliyovimba. Ndiyo maana madaktari wengi hukataza miwani kuegemea pua kwa wiki 4 hadi 6, na miwani ya jua, ambayo wengi huikimbilia ili kuficha weusi chini ya macho, haisazwi. Ajabu ni kwamba katika wiki ya kwanza, gango, yaani kifuniko kigumu cha kuishikilia pua, likiwa bado limebandikwa, mara nyingi mgonjwa huruhusiwa kuivaa juu yake. Taabu huanza gango linapotolewa, naye akidhani amepona. Aliyenyooshwa ukuta wa ndani tu, ule unaotenganisha matundu mawili ya pua, bila mfupa kuguswa, kwa kawaida hurudia miwani yake mapema zaidi, kwa hiyo katazo la jumla nalo lingemtesa bure.

Njia za kujisaidia zipo. Fremu nyepesi huweza kuning'inizwa kwenye paji la uso kwa plasta iliyozungushwa katikati yake, ingawa jasho likitoka plasta hubanduka na miwani huteremka puani bila mwenyewe kutambua. Lenzi za kuvalia jichoni ni afadhali, ila asiyewahi kuzitumia hawezi kuanza kujifunza wakati kope zimevimba na uso hautaki kuguswa. Yampasa apimwe na azizoee mapema.

Kwa sababu hiyo, kumweleza mgonjwa siku ya kutoka hospitalini ni kuchelewa. Fomu inayojazwa kabla ya upasuaji huuliza kuhusu sigara na dawa zinazozuia damu kuganda. Naomba iulize pia kama mgonjwa anavaa miwani, na kama anaweza kufanya kazi yake au kuendesha gari bila hiyo.

Wako mtiifu,
Msomaji mvaa miwani