Mkitukatalia kuongeza chumba, tuambieni ni sentimita ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba ombi lake la kuongeza chumba nyuma ya nyumba limekataliwa, na anaamini majirani wamemfanyia fitina. Yalinikuta hayohayo, nikaamini hivyohivyo, na salamu na jirani zikakatika kwa muda. Nilimwonea bure.

Barua ya idara ya mipango miji ya kunikatalia ilikuwa na sababu tatu. Mbili zilikuwa wazi: ukuta wa ghorofa ya juu ungemzibia jirani mwanga, na dirisha letu jipya la ubavuni lingechungulia uani kwake. Mchoraji wetu alipiga mstari wa nyuzi 45 kwenye ramani, kuanzia katikati ya dirisha la jirani, kipimo cha kujua kama ukuta utaziba mwanga, na kweli ukuta wetu ulikuwa umeuvuka. Fitina iko wapi hapo? Tukaurudisha ukuta nyuma. Dirisha tukaliwekea kioo cha ukungu, na sehemu inayofunguka tukaipandisha juu ya mita 1.7 kutoka sakafuni.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho: "Jengo haliwiani na haiba ya mtaa." Haliwiani kwa lipi? Paa? Upana? Rangi ya matofali? Nilipiga simu mara nne, na aliyepokea mara ya mwisho akaniambia niisome barua vizuri. Nilishaisoma mpaka karatasi ikaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Sina ugomvi na idara ya mipango miji kwa kunikatalia. Siku jirani akitaka kusimamisha ukuta mbele ya dirisha langu, nitakuwa wa kwanza kuandika pingamizi. Ila sababu isiyo na kipimo utairekebishaje? Unabaki kubahatisha: uchore upya na kumlipa mchoraji mara ya pili, au ukate rufaa. Na rufaa ina muda wake wa mwisho, nazo siku ulizokaa ukinuna zinahesabiwa. Tena anayeisikiliza anapima hoja zilizoandikwa. Uchungu wako haumsaidii kuamua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenzangu, kabla hujamnunia mtu, omba kuiona ripoti ya ofisa aliyelishughulikia ombi lako. Barua ya uamuzi ni muhtasari tu. Mimi nililikuta jibu langu humo, katikati ya ukurasa: paa la kiongezo lilikuwa limepita kimo cha paa la nyumba yenyewe. Sentensi moja, nayo haikutiwa kwenye barua! Ingetiwa, ningeokoa miezi mitano.

Ombi letu la pili liko mezani kwao sasa. Paa tumelishusha sentimita 40. Kama bado ni refu, safari hii waandike limezidi kwa sentimita ngapi.

Ni mimi msomaji wako,
Jina limehifadhiwa