Kifurushi Kikifika na Washa Badala ya Rupia

Simu ililia saa nne asubuhi, na kabla sijawahi kumwamkia, Mwalimu akaniuliza: "Kijana, siku hizi mwauza vyuma vya baiskeli?"

"Shikamoo Mwalimu. Vyuma gani tena?"

"Marahaba. Washa nne, vile viduara vya chuma vya kukazia nati. Mbili kubwa, mbili ndogo, zimefungwa vizuri kwa selotepu. Mwizi wako ana adabu."

Mwalimu ni mteja wetu wa siku nyingi, mstaafu anayeishi Kisumu, na hukusanya sarafu zilizotembea pwani hii kabla ya shilingi kuingia. Alikuwa ameagiza nne: rupia mbili za fedha za mwaka 1888 zilizopigwa na ile kampuni ya Kiingereza iliyotawala kutoka Mombasa, pesa moja ya shaba ya Sayyid Barghash yenye picha ya mizani, na sarafu moja ya hela tano ya Mjerumani ya 1908, lile dude la shaba nyeusi linalojaa kiganja. Zote nilizifunga mwenyewe hapa dukani, Lamu. Zikavuka kwa boti hadi Mokowe, zikapanda basi, zikakabidhiwa kampuni moja ya vifurushi ambayo sitaitaja. Katikati ya safari hiyo ndefu kuna mtu alikaa chini, akafungua, akatoa, akaweka washa, akafunga.

Tangu siku hiyo wateja wengi wameniuliza mambo mawili. Mnatumaje sasa? Na mimi nifanye nini kikinifikia kitupu? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu, kwa hiyo nimeandika.

Nianze na makosa yangu. Niliweka sarafu ndani ya vifuko vya plastiki, vifuko ndani ya bahasha ya kaki, na nyuma ya bahasha nikagonga muhuri wetu mzuri wa duka wenye neno "sarafu" na mchoro wa mizani. Ni kama kuandika "Hapa pana dhahabu, karibu." Halafu zilikuwa zinalia. Shika sarafu mbili ndani ya bahasha uitikise kidogo karibu na sikio, utajua. Mchukuzi wa mizigo aliyefanya kazi hiyo miaka mitano hahitaji hata kuitikisa. Kidole gumba kikipita juu ya bahasha kinasoma umbo, duara na gumu, na bahasha kumi za karatasi zilizopita hazikuwa hivyo. Na si kila sarafu inayopotea imeibwa. Chuma kizito kikibingirika ndani ya bahasha nyembamba hutoboa kona, kikaanguka chini ya kiti cha basi, bahasha ikafika na tundu. Mteja analia mwizi, kumbe ni karatasi mbovu.

Siku hizi kila sarafu inakaa kwenye fremu ya kadi ya mraba yenye dirisha la nailoni. Kadi zinabandikwa juu ya boksi gumu lililokatwa kwa kipimo, zimepishana ili sarafu isipande juu ya nyenzake, kisha kipande kingine cha boksi kinafunika juu. Ukiitikisa hiyo, kimya. Inaingia kwenye katoni ndogo, katoni ndogo inaingia kwenye kubwa, katikati tunajaza magazeti ya zamani. Maungio yote tunayafunga kwa tepu ya karatasi ile ya gundi ya kulowesha, si ya plastiki. Tepu ya plastiki mtu aweza kuibandua taratibu na kuirudisha. Ya karatasi ikibanduliwa huchanika na ngozi ya katoni, na juu yake nagonga muhuri wa tarehe nusu kwenye tepu, nusu kwenye boksi, ili ikisogezwa hata kidogo nusu hizo zisikutane. Muhuri wenye neno "sarafu" nimeuweka kwenye droo. Kwenye kifurushi utaona jina la mtu tu, la aliyetuma na la anayepokea.

Kisha mizani. Hapa ndipo Mwalimu alipotuokoa, na ndiyo sababu nasema maneno mengi kuhusu gramu. Kifurushi chake kilikuwa na gramu 186 nilipokifunga, nilishaandika kwenye daftari. Rupia ya 1888 ina uzito wa gramu 11.66, hela tano ni gramu 20, kwa hiyo huyu mwizi alikuwa na akili, alitafuta washa za kufanana kwa macho na kwa mkono. Lakini mkono si mizani. Mwalimu, badala ya kupandwa na hasira na kutupa kila kitu jalalani kama ambavyo ningefanya mimi, alirudisha washa ndani, akakusanya hadi vipande vya tepu, akaenda kwa sonara jirani yake wakapima. Gramu 211. Gramu 25 zilizozidi zikaonyesha kwamba kilichofika sicho kilichotoka Lamu, na kampuni ile haikuweza tena kusema labda tulifunga washa sisi wenyewe.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kifurushi chetu kikifika, usikifungue mbele ya kaunta kwa haraka ya kuona mali. Tazama maungio. Kipime, uzito tuliouandika utakuwa kwenye ujumbe wa simu tuliokutumia siku kilipoondoka. Kama tepu imeguswa au gramu hazikubaliani, sema hapo hapo kabla hujatia sahihi, na uandikiwe kwenye risiti. Ukishatia sahihi kwamba umepokea salama, umejifunga mwenyewe. Unapokifungua nyumbani, mwite kijana akurekodi kwa simu, video moja isiyokatwa, kuanzia nje hadi sarafu ya mwisho.

Na kama ni washa, usitupe kitu. Tupigie siku hiyo hiyo. Sisi tunapeleka madai kwa msafirishaji tukiwa na risiti, picha na uzito, na tunaandikisha polisi tupewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kwa sababu bila namba hiyo hakuna wa bima atakayekusikiliza. Hasara ni yetu mpaka sarafu iko mkononi mwako. Hilo Mwalimu atalishuhudia, pesa zake zilirudi kwa M-Pesa kabla ya adhuhuri.

Kuna ombi moja ambalo nalipata kila mwezi na kila mwezi nalikataa. "Ami, andika elfu moja tu, nisilipe bima kubwa." Au kwa walio nje: "Andika zawadi, ushuru usinipate." Fidia hufuata thamani iliyoandikwa. Ukiandika elfu moja na mzigo ni wa elfu arobaini, umeshasamehe thelathini na tisa kabla boti haijang'oa nanga. Zaidi ya hapo, taratibu za Umoja wa Posta wa Dunia zinakataza kabisa sarafu kwenye barua ya kawaida isiyo na rejista, yaani isiyoandikishwa, wala bima, kwa hiyo anayeitupia sanduku la posta hana hata mahali pa kulalamikia. Kwa safari za nje tunatumia rejista au bima, yenye ile namba ya herufi mbili, tarakimu tisa, na KE mwishoni. Ihifadhi. Madai ya posta ya kimataifa yana muda wake, miezi sita tangu siku baada ya kutumwa, na miezi sita huisha upesi kuliko mtu anavyodhani, hasa anayesema "ngoja tungojee kidogo huenda ikafika".

Rejista si kitu cha kudharau. Mwaka 1958 sonara wa New York, Harry Winston, alipoipa jumba la makumbusho la Smithsonian almasi ya Hope, aliituma kwa posta ya rejista ndani ya karatasi ya kaki. Ada ya posta ilikuwa dola 2.44, na bima dola 142.85. Ikafika. Sisi watu wa Lamu nasi posta hatukuanza kuijua jana. Wajerumani walifungua yao hapa mwaka 1888, ikafungwa 1891, na nyumba yake bado ipo kwenye njia kuu ya mjini, leo ni makumbusho. Mwaka ule ule uliopiga rupia za Mwalimu. Nikipita pale na kifurushi mkononi huwa nacheka peke yangu.

Sasa jambo ambalo wateja wa nje hawapendi kulisikia. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kukitoa nchini kunahitaji kibali. Pesa ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, imo. Rupia ya 1888 imo. Hela ya 1908 haimo, wala shilingi za Afrika Mashariki na senti zenye tundu. Reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ina mambo yake, maana zote zimeandikwa 1780 hata iliyopigwa juzi, hivyo mwaka ulioandikwa hausemi kitu, na mimi siitumi nje kwa kubahatisha. Ukiambiwa na mwingine kwamba atakufichia ndani ya soksi, mwache. Kitu kilichotoka bila kibali kikiibwa njiani, utakwenda kukidai wapi?

Kitu cha mwisho tunachofanya ni picha, pande zote mbili na ukingo, kwa kila sarafu inayoondoka. Sarafu iliyotumika haina pacha. Moja ya zile rupia ilikuwa na pengo dogo ukingoni, karibu na tarakimu za mwaka, kama jino la mtoto lililong'oka. Mwizi wa aina hii hajui soko la wakusanyaji, anajua fedha ni fedha, kwa hiyo siku ile nilituma picha kwa masonara wote ninaowajua kuanzia Malindi hadi Mombasa. Wiki ya tatu mmoja akanipigia. Kijana alikuwa amemletea rupia mbili ayeyushe, akaziona, akazikataa, na alipoanza kumuuliza maswali kijana akaondoka akiiacha moja juu ya meza.

Ndiyo, yenye pengo. Kabla ya kuipeleka alikuwa ameisugua kwa majivu na limau mpaka inang'aa kama kijiko cha harusi. Kwa mkusanyaji, hapo zaidi ya nusu ya thamani imekwenda. Nilimwambia Mwalimu ukweli huo, nikamtajia bei mpya, na nikamwambia hana lazima ya kuichukua.

"Itume," akasema. "Na zile washa nakurudishia, usije ukaniambia nimekuibia."