Barua ya wazi kwa vijana mnaoambiwa "fikiri chanya"

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu. Nimeshika kalamu kwa sababu naona mnatwishwa mzigo. Kila mkilalamika mnaambiwa mfikiri chanya, ila hakuna anayewaonyesha inavyofanyika, basi mnaishia kutabasamu kwa nguvu mbele za watu.

Kuota ndoto tamu peke yake hakusaidii. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen, mzaliwa wa Ujerumani, aliwahi kuwafuatilia wanawake waliotaka kupunguza uzito. Walioamini kwamba wangeweza walipungua zaidi, lakini waliojiona akilini wakiwa wembamba tayari, bila jasho, walipungua kidogo kuliko wenzao.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuseme umemtumia rafiki ujumbe asubuhi. Ameusoma. Hadi jioni, kimya. Moyoni umeshapitisha hukumu: "Ananidharau. Watu wote huishia kunichoka." Tazama jambo lilivyokua! Kimya cha mtu mmoja kimegeuka watu wote, na siku moja imegeuka maisha mazima. Hapo ndipo pa kushika. Chukua daftari, iandike sentensi hiyo kama ilivyokujia, usiipambe. Chini yake jiulize: nina ushahidi gani? Kuna sababu gani nyingine? Labda aliusoma akiwa njiani akasahau. Labda kweli amekasirika, na kama ndivyo, kesho nimuulize. Hiyo ya mwisho msiiruke. Sitaki mtu ajidanganye kwa maneno matamu, maana ukweli utamkuta hapo hapo alipo.

Fanyeni hivyo saa ile ile kila siku, mkiliambatisha zoezi na jambo mlilokwisha kulizoea, kama kupiga mswaki usiku. Dakika chache zatosha. Wala msiwasikilize wanaowaahidi tabia mpya kwa siku 21. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake, huko London, waliwafuatilia watu 96 waliojijengea mazoea mepesi, kama kula tunda au kunywa maji. Kwa wastani ilichukua siku 66. Mwepesi kuliko wote siku 18, na mzito alikadiriwa kuhitaji 254. Na hayo yalikuwa maji tu! Kugeuza fikra, kwa maoni yangu, kutadai zaidi. Ila waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukipitiwa na usingizi kabla ya kuandika, kesho endelea ulipoachia.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Mwenzenu akifiwa, msimpelekee habari za daftari, kaeni naye. Na mkimwona aliyepoteza usingizi, hamu ya kula na furaha kwa wiki 2 au zaidi, mpelekeni kwa daktari. Kumwambia mtu huyo ajitahidi kufikiri vizuri ni kumwonea.

Ni mimi,
Bibi yenu