Ushuru wa kutuma pesa unamuumiza mvuvi

Mhariri,

Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Lamu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha za umma kutoka Uingereza zilikuwa zimesaidia majaribio yake, na Benki Kuu ya Kenya iliiruhusu kabla ya kuwepo sheria yake maalumu. Uvumilivu huo ulitufaa sana.

Lakini mwaka 2023 ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu ulipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Juzi mvuvi wa Kizingitini alikataa nimlipe pweza wake kwa simu. “Nipe mkononi, dada, makato yanizidi.” Akazifunga noti kwenye mfuko wa plastiki, akazitia kikoini, akarudi mashuani. Zikizama?

Naiomba Hazina iondoe ushuru huo kwenye malipo madogo.

Mchuuzi, Lamu