Shukrani kwa mama aliyenikalisha mezani
Mama yangu wa ghorofa ya tatu, pale Brooklyn, New York, asante. Usiku ule wa Pasaka ya Kiyahudi ulinikalisha mezani kama mwanao, na pasipoti yangu bado imefungiwa kabatini kwa mwajiri. Tulichovya majani mabichi kwenye maji ya chumvi, ukaniambia hayo ni machozi ya watumwa kule Misri. Nikatafuna mboga chungu, nikalia kweli. Kisha mkadondosha divai matone 10, tone kwa kila pigo Mungu alilowapiga Wamisri, kwa kuwa nao waliumia. Hilo sijalisahau. Ukasema kila mtu ajione yeye mwenyewe ametoka Misri. Sikukuu ilipokwisha ukanisindikiza kwa wakili. Pasipoti ninayo sasa, Mama. Mungu akuzidishie.